Tesiti ya lazeri: ngozi yetu inachelewa kujibu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya lazeri ya kutoa nywele, leo naongea juu ya tesiti tu, yaani kujaribu mapigo machache kwenye kipande kidogo cha ngozi mbele ya kazi yenyewe, maana pale njo niliumiza mtu.

Ilikuwa mama mmoja wa Katuba, huku Lubumbashi, ndevu zinamsumbua kidevuni, amechoka na wembe na vipele vyake. Nikampiga tesiti chini ya taya, kesho yake akarudi ngozi iko safi kabisa, hakuna lengelenge, basi nikafanya kidevu chote. Wiki ya tatu akaingia amejifunika kitenge mpaka puani, akakishusha pole pole: alama nyeusi za mraba zimepangana, kila moja sawasawa na kioo cha mashine. Hakunigombeza. Akauliza tu, mwanangu, hii itatoka lini? Ilichukua miezi.

Lengelenge utaliona siku ile ile ao kesho, lakini ule weusi unaofuata ngozi ikiungua unaweza kungoja wiki 2, 3, hata 4 ndiyo utokee, kwa hiyo tesiti ya masaa 24 imekupa nusu ya habari. Mimi sasa nangoja wiki 4, mteja akasirike asikasirike.

Lazeri inatafuta melanini, ile rangi nyeusi ya nywele, lakini melanini ile ile iko kwenye ngozi pia na mwanga hauchagui. Njo maana kwa watu weusi tunachukua Nd:YAG, lazeri yenye wimbi la mwanga la nanomita 1064, ngozi inaikamata kidogo na inashuka chini zaidi kuliko lazeri ya alexandrite ya 755. IPL, ile ya mwanga wa mchanganyiko, kwa ngozi nyeusi sana siigusi.

Na usiamini uso. Anakuja mteja uso mweupee, ukimuuliza mafuta ya kujichubua anasema niliacha zamani. Shika mkono wake, angalia viungo vya vidole, angalia masikio, rangi ya kweli iko pale, seti mashine kwa rangi ile. Muulize kwa heshima, mlango umefungwa, maana mengine yana hydroquinone, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, mengine dawa za kotizoni zinazofanya ngozi kuwa nyembamba, na tesiti juu ya ngozi ya hivyo itakudanganya. Aache kwanza, arudi.

Tesiti yenyewe napiga alama tatu zimeachana, naanza na nguvu ndogo, pulsi ndefu, yaani kila pigo la mwanga linadumu milisekunde 30 hivi, na baridi ya kutosha. Kila pigo nangoja dakika kumi nikiangalia kwa karibu. Tuvimbe tudogo kuzunguka mzizi wa unywele ni ishara nzuri. Ngozi ikigeuka rangi ya majivu, acha hapo hapo, weka baridi, usijaribu "moja tena". Piga picha karibu na dirisha lile lile, saa ile ile, maana taa ya saluni inaficha weusi, na andika namba zote kwenye daftari.

Kuna kitu mafundi wengi hawasemi: namba kwenye skrini si lazima iwe ndiyo inayotoka. Taa ya ndani inachoka kwa wingi wa mapigo, unazoea kupandisha namba kidogo kidogo, halafu siku wanabadilisha taa, wewe unabaki na namba zako za zamani na unaunguza mtu. Taa mpya, mwite fundi apime na kipima jouli, chombo kinachosoma nguvu inayotoka kweli, kisha tesiti upya kwa kila mteja, hata wa mwaka mzima. Umeme ukicheza, stabilizeta, kile kifaa cha kutuliza umeme, ni lazima. Futa kioo kila mara, unywele ulioungua ukibandika pale unachoma ngozi.

Miwani iwe imeandikwa 1064, ya IPL haikingi. Mwanga ule hauonekani, jicho linaharibika bila wewe kujua.

Mteja akisema harusi iko Jumamosi, mwambie tesiti leo, kazi mwezi kesho, harusini aende na makasi.