"Javier" lina Uarabu gani?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mwanetu tumemwita Javier. Programu ya majina kwenye simu inasema ni jina la Kiarabu, maana yake "angavu". Babu yake, ambaye jina lake la ubatizo ni Ksaveri, anasema mtoto kachukua jina lake. Nani mkweli? (Mama Javier, Moshi)

JIBU: Babu. Mpe shikamoo yangu.

Asili ni Kibaski, lugha ya Wabaski wa kaskazini mwa Uhispania: etxe ni nyumba, berri ni mpya. "Nyumba mpya" lilikuwa jina la mahali, ngome iliyoko Navarra, kaskazini mwa Uhispania. Francisco de Jasso, tunayemwita Mtakatifu Fransisko Ksaveri, alizaliwa humo mwaka 1506, akaja kuitwa kwa kwao, kama mtu wa Barawa anavyoitwa Mbarawa. (Ndiye huyo aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa.) Alitangazwa mtakatifu mwaka 1622, na Wakatoliki wakazidi kubatiza watoto kwa jina la ngome. Ukoo wa Echeverría nao umetokana na maneno hayohayo mawili.

Sasa huo "Uarabu". Wanaoudai huanzia kwenye J, kumbe J yenyewe ni ya juzi. Zamani jina liliandikwa Xavier, na X ya Kihispania ilisomwa "sh". Baadaye sauti ikahamia "kh", na mwaka 1815 Akademia ya Kihispania ikaagiza X ya namna hiyo iandikwe J. Jimu, herufi ya Kiarabu ya sauti "j", haikuingia Kihispania kwa X; iliingia kwa J au G, kama jarra, mtungi. Iliyoingia kwa X ni shini, herufi ya "sh": sharab ikawa xarabe, leo jarabe, ndugu wa sharubati yetu. Kwa hiyo kulinganisha J ya Javier na jimu ni kulinganisha herufi zisizowahi kukutana.

Wareno wamebaki na "sh", Waitaliano wanasema Saverio, na Ksaveri yetu imefuata Kilatini, Xaverius. Wapenzi wa soka wanawajua Xavi na Xabi Alonso: mmoja Mkatalani, mwingine Mbaski, jina moja. Mwanao aitwe "Khavyer", kh ya kheri, mkazo mwishoni. "Javia" hapana.

Orodha hizi za majina hunakiliana makosa. Inayosema "Kiarabu: angavu" bila kukuonyesha neno lenyewe la Kiarabu, ifute. Ndizo hizohizo zinazokata Santiago (Sant Iago, yaani Mtakatifu Yakobo) kuwa San Tiago, kisha zinaapa kwamba Diego ni Yakobo. Hati za kale za Kilatini zinamwandika Diego Didacus na Yakobo Iacobus, na mwana wa Diego aliitwa Díaz.

Wabaya zaidi ni wanaotoza hela kusoma "nyota ya jina" kwa kuhesabu herufi. Mpelekee mmoja wao Javier leo, kesho Xavier, keshokutwa Ksaveri, uone mtoto mmoja atapewa nyota ngapi.