Kondoo dume uliyemlea kwa chupa

Dada uliyeuliza kama dume wako wa miezi kumi, uliyemlea kwa chupa, anacheza tu anapomsukuma mtoto kwa kichwa: hachezi, anampima nguvu. Tafadhali, kuanzia leo mtoto asiingie tena zizini.

Nafuga kondoo hapa Ruai, Nairobi, majike tisa na dume mmoja, chotara wa Dorper na kondoo wekundu wa Kimaasai. Dume wangu wa kwanza alifiwa na mama siku ya pili, nikamlea kwa chupa kama wewe. Alinifuata hadi mlango wa jikoni. Watoto walimkuna kwenye paji la uso, naye akiwasukuma, sote tukacheka. Hatukujua tunamfundisha vita. Madume hupimana kwa vichwa, kwa hiyo ukimshika pale umemwita mpigane. Aliyekulia kundini humwogopa binadamu na humpisha. Huyu wa chupa woga huo hana, na akibalehe anakuhesabu dume mwenzake.

Siku moja nilikuwa nimeinama kwenye hori, namwaga pumba. Sikusikia kitu. Alinigonga nyuma ya goti nikaangukia ubao, na kabla sijainuka alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa. Nikadhani ameogopa. Kumbe anatafuta kasi! Pigo la pili lilinipata nyongani. Mzee jirani ndiye aliyeniokoa, kwa kumzuia dume na kipande cha bati. Nilichechemea wiki tatu. Dorper dume aliyekomaa huweza kupita kilo 100, na kifua cha mtoto kiko usawa wa kichwa chake. Hilo bado linaninyima usingizi.

Sasa hori langu liko kwenye uzio wa zizi, nalisha nikiwa nje. Nikilazimika kuingia, simpi mgongo, na siingii peke yangu. Akiinamisha kichwa na kurudi nyuma, naelekea langoni nikimtazama. Akinibana, namsogelea ubavuni, begani kabisa, maana bila nafasi ya kukimbia pigo lake halina nguvu. Fimbo usijaribu. Mimi nilijaribu, akarudi mkali zaidi. Kwake kipigo ndiyo ile vita aliyoiomba.

Usisubiri atulie msimu wa kupandana ukipita, kwa sababu majike wetu wa huku hupata joto la kupandwa mwezi wowote. Mtenge, mpe kondoo mmoja aliyehasiwa wa kukaa naye, kondoo peke yake huhangaika.

Kuhusu kumhasi sasa: ukali utapungua, lakini mazoea ya kugonga yanaweza kubaki. Ningekuwa wewe ningemuuza wa kuchinjwa. Wangu nilimpeleka machinjioni Kiamaiko, watoto wakalia, nami niliumia. Lakini kumuuzia mtu mwingine awe wa mbegu bila kumwambia tabia yake, hapana, ni kumpelekea hatari nyumbani kwake.

Mwanakondoo wa chupa niliye naye leo nilimhasi mapema. Chupa yake naifunga kwenye seng'enge, ananyonya akiwa upande wa pili, kisha anarudi kulala na wenzake.