Tangi la Matumbawe Sebuleni: Maswali Yenu na Majibu

Toleo lililopita nilieka picha moja tu ya tangi langu la maji chumvi hapa nyumbani Malindi, na maswali yakamiminika. Nimechagua yale yanayojirudia. Mengine nimeyafupisha, wenyewe mnisamehe.

Assalaam aleikum ndugu. Mimi niko Maweni, Malindi, bahari ni dakika chache kwa miguu. Nimepata tangi la kioo la lita 200. Kwani kuna ubaya gani maji yakitoka nishuke nichote maji na mchanga, nibandue vipande viwili vitatu vya matumbawe, nitie tu? Si ndo bahari yenyewe hio?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nianze na matumbawe manake ndio yanayoniuma zaidi: usiyaguse. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968 na ndani yake hakitolewi kitu, hata gamba tupu, na nje ya hifadhi nako usidhani ni mali ya kuokota, pita kwanza ofisi ya uvuvi uulize kabla hujatia mkono. Alafu eka sheria kando uangalie mwamba wenyewe. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la El Niño, sehemu kubwa sana ya matumbawe ya pwani yetu yalipauka yakafa. Lile tumbawe la mviringo kama kichwa linakua kama sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hio ukiliona limefika ukubwa wa mpira wa miguu jua lina umri wa mtoto wa darasa la tano, na wewe unataka kulibandua na bisibisi kwa dakika mbili.

Na ukilibandua pia utaliua, manake tangi jipya ni maji tu, halina tumbo la kusaga uchafu. Skia vile inavyokuwa. Samaki akinya, au chakula kikioza, inatoka amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoila wakaitoa ikiwa nitraiti, nayo bado ni sumu, alafu wanakuja bakteria wengine wanaigeuza nitreti ambayo haina makali hayo. Hawa bakteria wote wawili wanaishi kwenye matundu ya mawe na kwenye mchanga, na kujaa kwao kunachukua wiki 4 mpaka 6, hakuna njia ya mkato. Kwa hio panga mawe yako makavu, tia mchanga, tia maji, washa pampu, alafu tupa ndani kamba mbichi mmoja aoze. Ndio, aoze! Utaona amonia inapanda, baadaye inashuka na nitraiti inapanda, baadaye zote mbili zinakuwa sifuri na nitreti inatokea. Siku hio badilisha robo ya maji na ndo uanze kufikiria kiumbe. Vifaa vya kupimia ni vya lazima, macho hayaoni amonia, maji yanaweza kuwa meupe kama ya chupa na yakaua kila kitu.

Maji ya bahari sasa. Hayo chota, sisi tumebarikiwa, wenzetu wa bara wananunua chumvi ya kwenye ndoo. Lakini si maji yoyote siku yoyote. Yakitoka sana unachota maji ya vidimbwi yaliyochemka na jua, kwa hio ngoja yajae. Usichote karibu na jeti wala mashua zinapotia mafuta. Na uangalie Sabaki. Mto ukijaa mvua za bara unashuka na udongo mwekundu, na wakati wa kaskazi mkondo unausukuma udongo ule kuja huku kwetu mjini, bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa mwenyewe si unaiona. Kusi ikishika udongo unaelekea kaskazini na kwetu maji yanang'aa. Mie humpa nahodha madumu yangu anijazie nje ya mwamba, nikifika nyumbani nachuja na kanga safi mara mbili, napima na rifraktomita kama chumvi iko 35 kwa elfu, ndo natia. Dumu lililowahi kueka mafuta ya kupikia au dawa ya kufulia halifai hata ulioshe mara kumi.

Na matumbawe utatoa wapi? Tafuta vipande vilivyooteshwa kwenye matangi ya wafugaji, vidogo kama kidole gumba, wanavigundisha kwenye kijiwe. Muuzaji akuonyeshe kibali. Akianza kuzungukazunguka kwa maneno, ondoka. Kianze kile laini kisicho na mifupa, ni kivumilivu zaidi, yale magumu yenye matawi yasubiri mpaka tangi lifike mwaka.

Shikamoo. Naandika kutoka Lamu, Mkomani. Nyumba ya babu upande mmoja ulianguka zamani na mawe ya matumbawe yamejaa uani. Nataka kuyatumia kwenye tangi, na tangi nalieka juu ghorofani ambako kuna upepo. Wazo zuri?

Marahaba mwanangu. La mawe ni zuri kuliko unavyojua, la ghorofani hapana.

Wajenzi wetu wa zamani walikuwa na mawe aina mbili. Kuta walijengea mawe magumu ya kuchimbwa nchi kavu, ambayo nayo ni mwamba wa bahari wa zamani sana, na kazi za nakshi walitumia tumbawe lililokatwa baharini likiwa bado bichi na laini. Hili la pili ukilishika mkononi ni jepesi, lina vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, na ndani ya vitundu vile ndo bakteria watajenga mji wao. Kazi ni kutoa chokaa. Kwangua plasta yote kwa patasi mpaka uone jiwe lenyewe, manake chokaa inapandisha pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, na samaki hawataivumilia, piga brashi, alafu loweka kwenye pipa la maji ukibadilisha kila wiki, mwezi mzima au zaidi, na upime pH kabla hujayaamini. Jiwe lenye rangi ya mafuta, simenti au kutu ya msumari liache hapo hapo uani. Na nakuomba, yale yenye nakshi usiyatie majini hata kidogo, yahifadhi au uwaonyeshe watu wa Makumbusho, mji wenu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na kila kipande cha kidaka kina thamani.

Ghorofani sasa. Lita 200 ni kilo 200 za maji, ongeza kioo, mawe, mchanga na meza, unakaribia kilo 300 zimesimama mahali pamoja usiku na mchana. Sakafu ya nyumba ile imelala juu ya boriti za mikoko ambazo pengine zina umri kumzidi babu yako, na maji ya chumvi lazima yatamwagika kidogo kidogo kila ukisafisha. Lieka chini, ukutani, mbali na jua la mlangoni.

Nilifurahi sana kusoma barua yako manake Lamu kufuga samaki ndani ya nyumba si jambo geni, wazee walieka visamaki kwenye birika la maji wale viluwiluwi wa mbu.

Mimi ni jirani wa mashamba ya chumvi huku Gongoni. Chumvi ya hapa ni ya bahari na bei yake ni rahisi. Nikiikoroga na maji ya bomba, gramu 35 kwa lita, si nitapata maji ya bahari?

Hapana kaka, na sababu yake iko hapo hapo kwenye mabwawa unayoyaona kila siku. Maji yakikauka, vitu havigandi pamoja. Kalisiamu inatangulia kushuka chini, ikiwa chokaa na jasi, baadaye ndo inaganda chumvi ya kula, na magnesiamu inabaki kwenye yale maji machungu ya mwisho yanayomwagwa. Kwa hio ile chumvi nyeupe inayochotwa ni chumvi ya kula karibu tupu. Tumbawe linajenga mifupa yake kwa kalisiamu, linahitaji kama miligramu 400 mpaka 450 kwa lita na magnesiamu kama 1,300, sasa ukilitia kwenye maji yako litajenga na nini? Wewe bahari iko karibu, chota.

Mchanga wangu umeshika vumbi la kahawia wiki ya tatu. Nimwage kila kitu?

Usimwage! Ni vimwani vidogo vinavyopita kwenye kila tangi jipya, vitaisha vyenyewe. Punguza masaa ya taa na uendelee kungoja.

Kaka, nina tangi mwaka sasa hapa Malindi. Kila siku maji yakipungua naongeza ya bahari kama nilivyoanza. Mwezi wa tatu huu tumbawe langu limegeuka jeupe kabisa, na lingine limejikunja halifunguki. Nimelia. Limekufa?

Pole sana dada yangu, na usikate tamaa kwanza, manake jeupe si lazima liwe limekufa. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake amefuga mwani mdogo usioonekana kwa macho, ule ndo unampa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Akishikwa na joto au taabu nyingine anaufukuza. Nyama inabaki haina rangi na unaona mfupa mweupe chini yake. Lichungulie usiku na tochi kwa karibu: ukiona utando mwembamba na vijidole vinachomoza, liko hai. Ukiona mfupa mkavu umeanza kuota majani, ndo limeenda.

Makosa ni mawili nayaona. La kwanza ni hayo maji unayoongeza. Kinachopungua tangini ni maji matupu, chumvi haipai hewani. Kwa hio ukiongeza ya bahari kila siku unaongeza chumvi juu ya chumvi. Mie mwenyewe nilifanya hivi tangi langu la kwanza, nilipokuja kuazima rifraktomita nikakuta 42, na ukingo wa kioo ulikuwa umeota ukoko mweupe mnene kama wa sufuria ya wali na mimi naona ni pambo. Cha kuongeza ni maji safi yasiyo na chumvi, yale yaliyochujwa kwa mashine, si ya kisima wala ya bomba manake yana madini yanayolisha majani. Piga alama ya wino kwenye kioo na uongeze mpaka hapo kila asubuhi. Ya bahari ni ya kubadilisha tu, asilimia 10 kwa wiki, unatoa kwanza alafu unatia. Na kuteremsha chumvi nenda pole pole, siku nyingi, ukishusha kwa siku moja utaua kilichobaki.

La pili ni joto. Mwezi wa tatu nyumba zetu ni tanuri, na tumbawe linataka 24 mpaka 27, likikaa juu ya 30 siku nyingi linapauka. Sisi hita hatuihitaji kabisa, ukiuziwa irudishe. Chukua feni ndogo ielekeze ipepee juu ya maji, mfuniko utoe, utaona joto linashuka digrii mbili au tatu kwa sababu maji yanayopaa yanaondoka na joto. Langu feni ikiwaka linakunywa lita mbili mpaka tatu kwa siku, nalijaza bila kunung'unika. Taa zipunguze nusu hio miezi.

Stima ikipotea usiku mnafanyaje nyinyi?

Kinachoua haraka ni hewa kuisha. Usiku mmoja stima ilipotea magharibi, nikalala nikidhani itarudi, saa tisa nikaamka kwenda kuangalia na tochi ya simu nikakuta samaki wote wako juu wanahema, midomo imegusa hewa. Tulikaa mie na mpwa wangu tunachota kwa jagi na kumwaga kutoka juu, chota mwaga, chota mwaga, mpaka alfajiri ikaadhiniwa mikono haisikii. Tulipoteza mmoja. Wiki ile ile nilinunua pampu ndogo ya hewa ya betri, ile wavuvi wanaekea chambo hai, na sasa inaning'inia nyuma ya tangi. Mwenye sola au inverta aunge pampu ya mawimbi kwanza, taa ziache. Na usiwalishe samaki mpaka stima irudi.

Mimi nina miaka 12, niko Shela, Lamu. Baba amekubali tangi la lita 100. Naweza kueka samaki wangapi, na nataka wale wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe na yule samaki kangaja wa buluu.

Mwanangu, hao wa machungwa eka wawili tu, mke na mume, wanatosha tangi lote na watakuchangamsha. Wale wa rangi hio hasa bahari yetu haina, wa huku wengi ni wa kahawia iliyoiva wenye mistari miwili, kwa hio tafuta waliozalishwa tangini, hao ndo wazuri, wamezoea kulishwa. Kangaja mwache baharini, anaogelea masafa siku nzima na lita 100 kwake ni kama wewe kufungiwa chooni. Ukitaka kumuona, muombe baba akupeleke upande wa Manda asubuhi bahari ikiwa shwari, uvae miwani ya kuogelea uchungulie chini.