Je, kumshitaki mkubwa aliyedhulumu ni kumvunjia sitara?

SWALI

Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni karani katika ofisi moja hapa Dar es Salaam. Mkubwa wetu ni mtu mwenye jina, na msikiti wetu ameuchimbia kisima. Binti aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya kazi amenionyesha ujumbe wa simu aliotumiwa naye usiku: "Barua yako ya ajira ipo tayari. Njoo uichukue hotelini, usije na mtu." Alikwenda, akatoka mbio analia. Nilipomweleza mzee mmoja wa msikitini, alinijibu kuwa mwenye kumsitiri Muislamu Allah atamsitiri, na kwamba bila mashahidi wanne ninastahiki viboko 80. Mume wangu anasema watu wa Harvey Weinstein, yule mtayarishaji wa filamu kule Marekani, nao walinyamaza hivyo hivyo. Nimsikilize nani?

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, msikilize mumeo.

Hadithi ya kusitiri ni sahihi, mzee hakuizua. Ila kaiweka pasipo pake. Sitara ni ya mja aliyeteleza baina yake na Mola wake, akaona haya, akatubu. Huyo usimwanike. Lakini anayewinda watu kwa cheo chake ana mdai, na haki ya mdai haifutwi kwa kumziba mdomo. Allah anasema katika Surat An-Nisaa, aya ya 148, kuwa hapendi uovu utajwe kwa sauti isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Imam An-Nawawi naye, alipotaja mambo sita yanayoruhusu kumsema mtu asiyekuwepo, alianza na aliyedhulumiwa kupeleka mashtaka kwa mwenye mamlaka.

Hao mashahidi wanne ni wa tuhuma ya zinaa na adhabu yake. Aya hiyo ya Surat An-Nur imekuja kuwalinda wanawake watwaharifu wasisingiziwe, na inaniuma sana kuona inageuzwa kufuli la midomo yao. Huyu binti hamtuhumu mtu kwa zinaa, anashitaki dhuluma. Wakati wa Mtume (S.A.W.) mwanamke alitoka gizani kwenda kuswali, akashambuliwa njiani, akapiga kelele. Hakuambiwa alete wanne. Aliambiwa: nenda, Allah amekusamehe. Kisa hicho hicho kina funzo lingine: watu walimkamata asiyehusika, na kama mkosaji wa kweli asingejitokeza, angeadhibiwa asiye na kosa. Basi sema ulichokiona, na ulichoambiwa useme kuwa umeambiwa.

Dalili nazo zina uzito. Nabii Yusuf (A.S.) alisafishwa na kanzu yake iliyochanika kwa nyuma. Ujumbe ule ni kanzu hiyo, mwambie binti asiufute. Na kumbuka kuwa Yusuf alifungwa hata baada ya dalili kuonekana, kwa sababu nyumba iliyomtuhumu ilikuwa ya wakubwa. Sikufichi, jambo hili laweza kukugharimu.

Mumeo katoa mfano wa kweli. Mwaka 1998 Zelda Perkins, msaidizi wa Weinstein mjini London, alimsimamia mwenzake aliyesema mkubwa wao amejaribu kumbaka. Mawakili wakawatia saini mkataba wa kunyamaza kwa pauni 250,000 za wote wawili, na hata nakala hawakuachiwa. Alikaa na fundo hilo miaka 19, mpaka alipovunja mkataba Oktoba 2017. Weinstein alikuja kutiwa hatiani mahakamani, New York na Los Angeles, kwa kuwashambulia wanawake wengine. Baadhi yao yaliwapata katika miaka hiyo ya ukimya. Mimi hapo ndipo ninapopaogopa: binti wa pili, anayekuja mwezi ujao na bahasha ya vyeti vyake.

Sasa fanya hivi. Usirushe jambo hili kwenye magrupu ya WhatsApp, maana huko hakuna hakimu, na jina la binti ndilo litakalochafuka kwanza. Muulize kama yuko tayari, kisha mfuatane TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya mwaka 2007 kinamhusu mwenye mamlaka anayetaka ngono ili atoe ajira. Kama alimshika kwa nguvu, nendeni pia dawati la jinsia polisi. Asipokuwa tayari, usimlazimishe. Kaa naye, ameshaonewa mara moja.

Kisima acheni watu wateke maji. Na mzee akiona vibaya, msomee jibu hili, au aje kwangu baada ya Alasiri tuzungumze.

Wallahu a'lam.