Mapambo ya Halloween ya kutengeneza na watoto

Dada, umeuliza utengeneze nini na watoto huko Ohio, Marekani, bila kumaliza pesa dukani, kwa ajili ya Halloween, ile sikukuu ya tarehe 31 Oktoba ambapo watoto huvaa kama mizimu na kupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Mimi ningeanza na mizimu ya madumu ya maziwa. Suuza madumu meupe ya plastiki, yakikauka mtoto achore macho na mdomo kwa maka pen nyeusi. Wewe kata tundu kwa nyuma, ingiza taa ndogo za betri, uyapange kwenye ngazi za mlangoni. Giza likiingia yanapendeza mno. Mshumaa usitie kabisa: plastiki inashika moto, na watoto hupita hapo na nguo zinazoburuta.

Mkiwa na muda, fanyeni na mzimu wa shashi. Puliza puto, likalishe juu ya mdomo wa chupa. Pika uwanga mwepesi wa mahindi (cornstarch, si unga wa ugali), kama ule wa kutilia kanzu, uache upoe. Chovya kipande cha shashi, kamua kidogo, funika puto, kikauke usiku kucha. Asubuhi mtoto atoboe puto, na mzimu utabaki umesimama wenyewe. Hapo ndipo watoto hushangilia kweli.

Boga lichongeni sura siku mbili tatu tu kabla ya tarehe 31 Oktoba, maana likishakatwa huoza upesi. Kisu shika wewe, wadogo wape vijiko wakwangue mbegu. Zioshe, uzikaange na chumvi. Kwa mtoto mdogo sana, lipakeni rangi bila kulikata, litakaa zaidi.