Rupia ya bibi isipakwe ndimu

SWALI: Bibi ametuachia mkebe wenye rupia moja ya Mjerumani ya mwaka 1890 na pesa nane za shaba zenye maandishi ya Kiarabu. Rupia imekuwa nyeusi, na pesa mbili zina unga wa kijani. Nizisugue kwa ndimu na majivu kabla ya kuziuza? Na rupia nitaijuaje kama si bandia? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndimu ibaki jikoni. Asidi yake inakula madini, majivu yanakwaruza, na sarafu iliyosuguliwa hushuka bei hata ing'ae vipi. Weusi wa fedha ni utando tu. Wanunuzi wazoefu wanapenda kuuona.

Rupia nzima ina gramu 11.66, fedha asilimia 91.7. Ipime kwa mizani ya sonara inayosoma hadi 0.01. Kisha weka juu ya mizani kikombe chepesi cha plastiki chenye maji (glasi huizidi nguvu mizani ndogo), rudisha sifuri, uzamishe sarafu ikining'inia kwa uzi mwembamba bila kugusa kikombe. Isome karibu 1.13. Ikisoma 1.3, hiyo ni shaba iliyopakwa fedha. Kama imechakaa, gawanya uzito wake kwa namba uliyosoma ilipozama majini: jibu liwe karibu 10.3.

Ina fedha safi gramu 10.7 hivi, usikubali bei iliyo chini ya thamani ya fedha hiyo. Kinachozidi kinategemea uchakavu: tazama tai aliye juu ya kofia ya Kaizari (mfalme wa Ujerumani), kama manyoya yake bado yanahesabika.

Zile pesa, 64 kwa rupia moja, zina mwaka wa Hijria: 1307 ni 1890. Kijani kigumu kiache. Unga unaodondoka ukiguswa kwa njiti ya meno ni chumvi inayoendelea kula shaba, na hewa ya pwani huichochea. Tenga hizo mbili, ziloweke wiki mbili katika maji ya kuongezea betri (si asidi!), ukiyabadilisha kila siku. Zikaushe kabisa, uzihifadhi pamoja na vile vifuko vya silika vya kwenye viatu vipya. Plastiki laini ya PVC huziachia ute wa kijani. Raba za kufungia huitia fedha weusi.

SWALI: Nina sarafu ya Mjerumani ya hela (heller) 20 ya 1916, imegongwa kombo, ina herufi T. Ni feki?

JIBU: Kombo pekee si ushahidi. T ni Tabora, zilikogongwa kwa haraka wakati wa vita, za shaba nyekundu na za shaba njano. Feki za kumimina utazijua kwa vitundu vidogo usoni na mshono ukingoni.