Barua kwa mwanangu: mchoraji aliyemuua Obregón

Mwanangu mpendwa,

Sote hapa nyumbani tu wazima, na baba yako anakusalimu. Katika barua yako umeniuliza iwapo José de León Toral, kijana Mkatoliki aliyemuua Álvaro Obregón, rais mteule wa Meksiko, anastahili kuitwa shahidi au muuaji. Swali hilo limenikosesha usingizi.

Kwanza tumtendee haki. Mwaka 1926 serikali ya Plutarco Elías Calles ililibana Kanisa kwa sheria kali kiasi kwamba maaskofu walisimamisha ibada makanisani nchi nzima, na wakulima wengi wakashika silaha. Novemba 1927 padre Miguel Pro alipigwa risasi bila kufikishwa mahakamani, akiwa amenyoosha mikono mfano wa msalaba, na siku hiyo hiyo akauawa mdogo wake Humberto, rafiki wa Toral. Uchungu wa kijana yule ulikuwa wa kweli, wala sitaki umdharau.

Lakini tazama alivyolitenda jambo lenyewe. Tarehe 17 Julai 1928, katika mgahawa wa La Bombilla huko San Ángel, alipita katikati ya karamu akichora sura za wageni, akafika kwa Obregón na kumwonyesha mchoro. Mzee yule, aliyepoteza mkono wa kulia vitani mwaka 1915, akageuka autazame, na hapo hapo Toral akafyatua bastola. Alimuua mtu aliyemgeuzia uso kwa kumwamini. Hapo ndipo moyo wangu unapokataa, mwanangu.

Shahidi, katika lugha yetu, ni yule anayeona na kusema kweli, hata kama kusema huko kutamgharimu uhai wake. Padre Pro alitoa uhai wake mwenyewe. Toral alianza kwa kutoa wa mwenzake. Hakukana kosa lake, aliteswa, na tarehe 9 Februari 1929 akapigwa risasi, akaacha mke na watoto wadogo. Namwombea. Nawaombea pia waliobeba mzigo wa tendo lake, akiwemo mtawa Concepción Acevedo de la Llata, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 20 ilhali si yeye aliyeshika bastola.

Juni 1929 serikali na maaskofu walipatana kwa mazungumzo, na makanisa yakafunguliwa. Laiti Toral angalivumilia mwaka mmoja tu, angaliwashika wanawe mikono akaenda nao misa.

Mama yako